Upepo Wetu Umekwenda Wapi? Mafunzo ya Uislamu Kuhusu Ushindi na Vinavyouzuia

Ijumaa iliyopita khatibu alipofika kwenye dua ya khutba ya pili aliomba kama ada: Mola awanusuru Waislamu, awape ushindi juu ya kila mwenye kuwadhulumu. Tukaitikia amin, msikiti mzima. Baada ya swala nikatoka kutafuta viatu vyangu, na pale mlangoni nikawaona wazee wawili waliokuwa safu moja, bega kwa bega, sasa kila mmoja amempa mwenziwe kisogo. Hawajasemezana tangu mwaka jana. Ugomvi wao ni kiwanja cha madrasa ya mtaa wetu, na mimi nimo ndani ya ugomvi huo. Nitaueleza mbele.

Nilirudi nyumbani nikijiuliza maana ya ile amin. Tunaomba ushindi kila wiki, na wengine kila Alfajiri. Je, tunajua tunachokiomba? Na Qur'ani yenyewe inasema ushindi unazuiwa na nini? Mimi si shekhe. Niliyoyaandika hapa yamo katika tafsiri na vitabu vya sira vinavyosomeshwa madrasa zote za Pwani, na mwenye elimu zaidi yangu anirekebishe.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kinatia yote katika neno moja, ushindi, na Qur'ani ina maneno kadhaa. Kuna nasr, yaani nusra, msaada unaotoka kwa Mwenyezi Mungu. Kuna fat-h, ambalo asili yake ni kufungua, kama mtu afunguavyo mlango uliokuwa umekazwa. Na kuna fawz, ambalo sisi tumelichukua tukapata kufuzu. Fawz katika Qur'ani takriban siku zote ni mambo ya Akhera. Aya ya 185 ya Suratu Aali Imran inamhesabu aliyefuzu kuwa ni yule aliyeepushwa na Moto na kuingizwa Peponi.

Sasa tazama Suratu Saff. Aya ya 13 ni ile ya nusra na ushindi ulio karibu, ambayo wengi wetu tumeiona imeandikwa kwa hati nzuri na kutundikwa ukutani. Lakini ni nadra kuona aya ya 12 imetundikwa pamoja nayo. Aya ya 12 ndiyo inayotaja Pepo na kuiita kufuzu kukubwa. Kisha ya 13 ndipo inapoongeza: na kuna jambo jingine mnalolipenda. Yaani ushindi wa hapa duniani umekuja wa pili, kama nyongeza, na Mola ameutaja kwa kuwa anajua nyoyo zetu zinaupenda. Sisi tumetundika nyongeza ukutani.

Neno la nne ninalotaka kulitaja halimo katika orodha ya maneno ya ushindi, lakini mtu wa Pwani akilisikia hatalisahau. Katika Suratu Anfal, aya ya 46, Waislamu wanakatazwa kuzozana, na wanaambiwa kwamba wakizozana watavunjika moyo na litawatoka jambo moja. Jambo hilo kwa Kiarabu ni riih. Upepo. Wafasiri wameeleza kuwa maana yake ni nguvu na dola, na ni kweli, lakini neno lenyewe ni upepo. Waliozaliwa Lamu, Faza, Vanga au Takaungu hawahitaji kufasiriwa. Jahazi linaweza kuwa zima, mbao hazina ufa, tanga jipya, mabaharia kamili, nahodha hodari. Upepo ukikatika, linakaa palepale. Kutoka nje utadhani lina kila kitu.

Kisa kinachofafanua aya hiyo kuliko vyote ni cha Uhud, nami nitakaa hapo kwa muda, maana wengi wetu tunakijua kwa juu juu.

Mwaka wa 2 Hijria, mwezi wa Ramadhani, Waislamu kama 313 walikutana na Maquraishi karibu 1,000 pale Badr, wakashinda. Walikuwa na farasi wawili na ngamia 70 wa kupokezana. Mtume (s.a.w.) aliomba siku ile hata shuka yake ikamwanguka mabegani, na Abubakar akamrudishia. Lakini kabla ya dua hiyo walikuwa wamekwisha kusogea na kushika visima vya maji, kwa ushauri wa Swahaba mmoja, Hubab bin Mundhir, aliyeuliza kwanza kama mahali pale walipotua ni wahyi au ni rai tu. Alipoambiwa ni rai, akatoa rai yake, ikafuatwa. Dua ilikuja juu ya kazi iliyokwisha kufanywa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Shawwal, Maquraishi walirudi, safari hii 3,000, kulipiza kisasi. Mtume alishauriana na watu wake. Rai yake ilikuwa wabaki ndani ya Madina. Wengi, hasa vijana walioikosa Badr, walitaka kutoka nje. Akawafuata. Wakatoka 1,000, na njiani Abdullah bin Ubayy akarudi na watu wake 300. Wakabaki 700 kwa 3,000.

Mtume akawaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo, akawapa amiri, Abdullah bin Jubair, na amri moja isiyo na shaka: wasiondoke pale hata wakiwaona wenzao wanashinda, wala wakiwaona wanashindwa, mpaka yeye mwenyewe awapelekee mtu. Vita vikaanza na Waislamu wakashinda. Hili ndilo tunalolisahau. Walishinda kwanza. Maquraishi walikuwa wanakimbia, na Bukhari amepokea kwamba hata wanawake wao walionekana wakipandisha nguo kukimbia mlimani. Wapiga mishale walipoona hivyo wakasema: ngawira! Abdullah bin Jubair akawakumbusha amri. Wengi wao wakateremka. Wakabaki wachache, kama 10. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa bado upande wa Maquraishi, aliona kilima kimebaki wazi, akazunguka na farasi wake kwa nyuma.

Siku ile waliuawa Waislamu kama 70, akiwemo Hamza, ami yake Mtume, na Mus'ab bin Umair aliyekuwa amebeba bendera. Mtume mwenyewe alivunjwa jino na kujeruhiwa usoni. Ikavuma kwamba ameuawa, na kuna waliokaa chini wakatupa silaha. Alikuwepo pia mama mmoja, Nusaiba bint Ka'b, aliyekuja kuwanywesha watu maji. Wanaume walipokimbia yeye akashika upanga akasimama mbele ya Mtume mpaka akajeruhiwa begani.

Jeshi linaposhindwa, kawaida watu hueleza ukali wa adui. Suratu Aali Imran, inayokieleza kisa hiki kwa urefu, haisemi hivyo. Haitaji wingi wa Maquraishi kuwa ndiyo sababu, wala ustadi wa Khalid. Aya ya 152 inataja mambo matatu yaliyotoka upande wa Waislamu wenyewe: walilegea, wakazozana juu ya amri, wakaasi baada ya kuonyeshwa kile wanachokipenda. Halafu inafunua lililokuwa nyuma ya yote: miongoni mwao walikuwemo waliotaka dunia. Na aya ya 165 inaijibu shutuma yao. Walipouliza msiba huu umetoka wapi, waliambiwa umetoka kwenu. Kikulacho ki nguoni mwako, tungesema sisi.

Ningeomba msomaji aangalie mpangilio wa maneno yale matatu. Uasi haukuja mwanzo. Kwanza moyo ulilegea, kisha watu wakabishana, mwisho wakateremka. Na vyote vitatu vilikuja baada ya kuona ushindi, si kabla. Ugumu ulipokuwepo hakuna aliyetoka kilimani.

Hapa ndipo naona niwaeleze habari ya kiwanja.

Madrasa yetu imejengwa juu ya ardhi iliyotolewa wakfu na bibi mmoja, Allah amrehemu, zamani, kwa maneno na mashahidi na karatasi moja ya mkono. Miaka ya karibuni akatokea mtu akasema kiwanja ni chake na ana hati. Tukaunda kamati ya watu saba, mimi nikawa katibu. Tulichangisha nyumba kwa nyumba. Wamo kina mama wauza viazi karai na mbaazi waliotoa shilingi 50 wakaomba wasiandikwe majina. Tukapata wakili, tukapata amri ya mahakama ya kuzuia ujenzi mpaka kesi isikizwe. Siku ile tulipiga takbiri hata sauti zikakauka.

Juma lile lile akatokea mfadhili, akaahidi kutujengea madrasa ya ghorofa moja kesi ikimalizika. Basi. Tangu hapo kamati haikuzungumza kesi tena. Ilizungumza nani awe mweka hazina, na fundi awe nani. Mzee mmoja alikuwa na mwanawe, mwingine alikuwa na mkwewe, na mimi, niseme kweli, nilikuwa na shemeji fundi mawe ambaye niliona anafaa kuliko wote. Aliposhindwa kupita, nikasusa vikao. Wakili alihitaji karatasi ya wakfu na maelezo ya mashahidi. Karatasi zilikuwa katika faili, na faili lilikuwa kabatini kwangu. Alinipigia simu mara mbili, nikamwambia azungumze na mwenyekiti. Siku ya kesi ilifika bila karatasi, na amri ya kuzuia ujenzi ikaondolewa.

Nilikuwa nimekisoma kisa cha Uhud tangu chuoni, nikiwa na miaka kumi. Siku zote nilijiweka miongoni mwa wale 10 waliobaki.

Turudi kwenye sira, kwa sababu kuna kizuizi kingine ambacho hakifanani na cha Uhud. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, Waislamu walitoka kwenda Hunain wakiwa 12,000. Hawajapata kuwa wengi kiasi hicho. Kuna waliosema leo hatutashindwa kwa uchache. Walipoingia bondeni kabla ya mapambazuko, watu wa Hawazin walikuwa wamewavizia kwa mishale, na jeshi lile likatawanyika. Mtume alibaki juu ya nyumbu wake na watu wachache, mpaka Abbas, aliyekuwa na sauti kubwa, alipowaita waliokula kiapo chini ya mti, ndipo wakarejea. Suratu Tawba, aya ya 25, inasema wazi kuwa wingi wao uliwapendeza na haukuwafaa kitu, na ardhi na upana wake ikawadhikia. Nawakumbuka wanasiasa wetu wanaotuhesabia idadi yetu Pwani kila uchaguzi ukikaribia.

Wala uchache peke yake si sifa. Jeshi la Talut katika Suratul Baqara, aya ya 249, lilipunguzwa mtoni kwa mtihani wa maji, wakabaki wanaoweza kujizuia. Walioshinda si kwa kuwa walikuwa wachache. Walishinda kwa kuwa walikuwa wameweza kuacha kunywa.

Kuna na la riziki. Muslim amepokea hadithi ya msafiri aliyechoka, nywele timtim, mwili vumbi, anainua mikono mbinguni akimwita Mola wake, na chakula chake ni cha haramu, kinywaji chake cha haramu, na nguo zake za haramu. Mtume akauliza: huyo atajibiwa vipi? Tukiomba nusra na huku kodi ya nyumba za wakfu inaingia mifukoni mwa watu, au mali ya mayatima imegeuzwa mtaji wa ami yao, swali lile ni letu. Sitalirefusha, kila mtaa unajua mambo yake.

Kizuizi ninachokiogopa zaidi kwa vijana wetu ni haraka. Khabbab bin Arat, aliyekuwa akiteswa Makka, alimwendea Mtume akiwa ameegemea kivulini mwa Al-Kaaba, akamuuliza kwa nini hawaombei nusra. Mtume akamweleza mateso ya waliotangulia, kisha akamhakikishia kuwa jambo hili litatimia, lakini nyinyi mna haraka. Maneno hayo aliambiwa mtu mwenye makovu ya moto mgongoni. Miaka 13 ya Makka ilipita bila idhini ya kupigana. Idhini ilipokuja, katika Suratul Hajj aya ya 39, ilikuja kwa waliodhulumiwa, na aya mbili mbele, ya 41, ikataja sifa za watakaonusuriwa: wakipewa madaraka katika nchi wanasimamisha swala, wanatoa zaka, wanaamrisha mema na kukataza mabaya.

Nasema haya kwa sababu Pwani hii kuna nyumba ambazo mama hajui kaburi la mwanawe liko wapi. Al-Shabaab walikuja na aya za nusra zilizokatwa kichwa na mkia, wakawaahidi vijana ushindi ng'ambo ya mpaka. Aya ya 13 ya Saff waliisomewa. Habari ya Khabbab hawakuisomewa, wala ya Hudaibiya.

Na Hudaibiya ndiyo inayogeuza kichwa cha mtu. Mwaka wa 6 Hijria Mtume alitoka na watu kama 1,400 kwenda kufanya umra, si kupigana. Maquraishi wakawazuia. Ukaandikwa mkataba na Suhail bin Amr: Waislamu warudi mwaka huu bila umra, vita visimame miaka 10, na atakayekimbilia Madina kutoka Makka bila idhini ya walii wake arudishwe. Suhail akakataa hata lisiandikwe neno Mtume wa Mwenyezi Mungu, na Mtume akakubali lifutwe. Abu Jandal, mwana wa Suhail huyo huyo, akaja akiburura minyororo kuomba hifadhi, akarudishwa. Umar alishindwa kustahamili, akauliza maswali ambayo baadaye aliyajutia. Maswahaba walipoamrishwa wachinje na wanyoe, hakuna aliyeinuka, mpaka Ummu Salama, mkewe Mtume, alipompa shauri atoke mwenyewe achinje na anyoe bila kumsemesha mtu. Akafanya hivyo, na wote wakainuka.

Wakiwa njiani kurudi, nyoyo zimejaa huzuni, ikateremka Suratul Fat-h, na aya yake ya kwanza ikaliita jambo lile ushindi wa dhahiri. Hakuna kilichotekwa. Hakuna aliyeuawa. Umra yenyewe hawakuifanya. Lakini watu walipata amani ya kukutana na kusemezana, na wengi wakasilimu. Miaka miwili baadaye, Mtume aliingia Makka na watu 10,000. Aliingia ameinamisha kichwa juu ya ngamia wake, akawasamehe waliomfukuza. Sura ya mwisho mwisho inayotaja nusra na fat-h pamoja, ambayo watoto wote wa madrasa wanaihifadhi, haiamrishi kusherehekea. Inaamrisha kusabihi na kuomba maghufira.

Basi ikiwa mkataba uliowaudhi Maswahaba unaweza kuitwa ushindi, na jeshi la 12,000 linaweza kukimbia, kipimo chetu cha nani ameshinda kinahitaji kurekebishwa. Kuna hadithi ya Bukhari kuhusu Sa'd bin Abi Waqqas, aliyejiona ana daraja juu ya wengine. Mtume akamwambia kuwa hawanusuriwi wala hawaruzukiwi ila kwa sababu ya wanyonge wao. Nawafikiria wale kina mama wa shilingi 50.

Kuna jambo moja la Uhud ambalo sikulitaja. Ushauri wa kutoka nje ya Madina ulikuwa wa watu, na siku ikaishia vibaya. Kiongozi mwingine angesema: sishauriani tena. Aya ya 159 ya Aali Imran, iliyoteremka baada ya msiba ule, inamwambia Mtume awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kushauriana nao. Hao hao.

Na kesho yake hasa, majeraha hayajakauka, Mtume aliwaita watoke tena kuwafuata Maquraishi, waliokuwa wakifikiria kurudi kuumaliza mji. Akasema asitoke ila aliyekuwepo jana. Aliyeruhusiwa nje ya hao ni Jabir bin Abdullah, ambaye babake alimwacha nyumbani na dada zake na kisha akauawa Uhud. Wakaenda mpaka Hamraul Asad, kama maili nane kutoka Madina, wakapiga kambi siku tatu, na Maquraishi wakaona bora waende zao. Walikuwemo ndugu wawili wa Bani Abdil Ash-hal, wote majeruhi, hawana mnyama wa kupanda. Mmoja jeraha lake lilikuwa jepesi kidogo. Mwenziwe akizidiwa, anambeba kipande, kisha anatembea mwenyewe kipande, mpaka wakafika walipofika wenzao.

Jumatatu nililitoa faili kabatini. Karatasi ya wakfu ipo, imeliwa na mchwa pembeni lakini majina ya mashahidi yanasomeka. Nilikwenda kwanza kwa mzee wa kwanza, kisha kwa wa pili. Wa kwanza alinipa kahawa. Wa pili hakufungua mlango, nitarudi kesho baada ya Alasiri. Wakili anasema bado tunaweza kuomba amri mpya, ila anataka sahihi zote saba.